Kura ya Kugawa kwa Sifuri

Watu wakiniuliza nafanya kazi gani, hujibu kwamba ninalinda faili. Wanadhani ni zile faili za kamba na vumbi, wananionea huruma kidogo, kisha tunazungumza habari za mvua. Sijali. Nikianza kueleza kikamilifu, hata dada yangu wa tumbo moja huanza kutafuta simu ndani ya mkoba.

Ila wewe umeshakaa, kwa hivyo nitakueleza. Prosesa ni ile chipu inayofikiri ndani ya kila kitu siku hizi, kuanzia simu hadi mashine ya kufulia. Ofisi yetu, iliyo ndani ya nyumba ya zamani ya kuishi huko Muthangari, haitengenezi chipu. Inatengeneza simuleta, yaani programu inayokaa kwenye kompyuta ya kawaida na kujifanya kuwa chipu fulani, ili wanaoandika programu za chipu hiyo waweze kufanya kazi hata kabla chipu zenyewe hazijafika. Sasa, kitu chochote kinachojifanya kinahitaji mtu wa kukihoji, na mtu huyo ni mimi. Ninazo programu ndogo ndogo zilizokwisha kugeuzwa kuwa lugha ya mashine, ambazo sisi huziita baineri. Kila moja huiuliza simuleta swali moja tu. Jibu la kweli linajulikana, kwa sababu swali hilo hilo liliwahi kuulizwa kwenye chipu halisi. Simuleta ikijibu kama chipu, mraba mdogo huwaka kijani kwenye televisheni kubwa iliyotundikwa pale palipokuwa sebule. Ikikosea, mraba huwaka nyekundu. Kazi yangu ni kuhakikisha hakuna anayegusa maswali wala majibu.

Baineri hizo zilitengenezwa na mhandisi wa kwanza wa kampuni kabla hajahamia Kanada. Alikuwa na bodi moja yenye chipu ya sampuli. Siku moja stima ilipotea, ikarudi kwa kishindo, na bodi ikanuka kama sufuria ya maharagwe iliyosahaulika. Tangu siku hiyo, ushahidi wote wa namna chipu halisi inavyojibu ulibaki ndani ya baineri zangu, kwenye kompyuta kuukuu iliyokaa jikoni karibu na friji, kwa kuwa hapo ndipo palipokuwa na soketi ya ziada.

Kabla ya hapo nilifundisha hesabu katika shule ya wasichana kule Kikuyu, hadi chaki iliponiharibia kifua, nikajifunza kompyuta ukubwani. Ndiyo maana ofisini wote huniita Mwalimu. Na tabia za ualimu sikuziacha. Mtihani ukishachapwa haubadilishwi, na jibu la kitabu cha mwalimu halifutwi ati kwa sababu mtoto wa mwenyekiti wa bodi ameandika lingine.

Mwenye kampuni anatoka katika familia ya Kihindi iliyouza mabomba na mifereji katikati ya mji tangu enzi za babu yake. Yeye alitaka kusogea mbele kidogo, akaanzisha biashara ya mita za maji za kulipia kabla, zile unazoweka salio ndipo mfereji utoe. Ndani ya kila mita kungekuwa na ile chipu yetu. Chipu zikawa bado ziko njiani, na watu wake wa mita, walio na ofisi yao mjini, wakawa wanaandika programu ya mita kwa kutumia simuleta yetu. Ni mtu mpole, anayejua bei ya kila kiungio cha bomba kwa moyo. Mambo ya chipu alituachia sisi. Kisha akaona sisi hatuna sura ya kuonyeshwa wageni, akatuletea Meneja.

Meneja alikuja na suti ya bluu na mapenzi makubwa ya rangi ya kijani. Alikuwa mkazi wa Loresho na mtu wa kanisa, na nitasema kwa haki kwamba hakuwa mtu mbaya. Hakuwahi kumpigia mtu kelele. Ila siku ya kwanza alisimama mbele ya televisheni, akaangalia ule uwanja wote wa miraba ya kijani, na macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye mraba mmoja mwekundu kule pembeni. Akauliza huo ni wa nani. Wenzangu wakanitazama, kana kwamba nimeuzaa.

Mraba ule ulikuwa wa kugawa kwa sifuri. Shuleni nilikuwa nikiwaambia wasichana wangu kwamba haiwezekani, na wakinibishia nawaambia waende nje wagawie sifuri maandazi. Lakini chipu haiwezi kumwambia mtu haiwezekani kisha ikanyamaza. Lazima itoe kitu. Kitabu cha chipu yetu kinasema wazi kwamba ukigawa chochote kwa sifuri, jibu ni hasi moja, na kazi iendelee. Chipu halisi, kabla ya kuungua, ilijibu hasi moja. Simuleta yetu ilijibu sifuri.

Ungedhani basi simuleta ingerekebishwa. Lakini simuleta ilikuwa na baba. Aliyeiandika alikuwa jamaa wa ndevu nyingi na hasira za karibu, hodari kwelikweli, ambaye kila mraba mwekundu aliuchukulia kama kusingiziwa. Alisema sifuri ni jibu lenye adabu kuliko hasi moja. Aliongeza kwamba watu wa mita wameshaandika programu yao wakiitegemea hiyo sifuri, na kuibadilisha sasa kungewarudisha nyuma. Na wageni walikuwa wanakuja, watu wa kutia mtaji, ambao Meneja alikuwa ameahidi kuwaonyesha televisheni.

Kwa hivyo Meneja akaitisha mkutano. Ulifunguliwa kwa maombi, kama mikutano yetu yote, na yeye mwenyewe ndiye aliyeomba. Alimsihi Mungu aondoe kila roho ya wekundu katikati yetu. Mwenye kampuni, ambaye si Mkristo, aliinamisha kichwa kwa heshima na kusoma ujumbe wa simu chini ya meza. Kisha Meneja akasema kwamba kwa kuwa kuna maoni mawili kuhusu kugawa kwa sifuri, njia ya kistaarabu ni kupiga kura.

Nilidhani anatania. Nikacheka, nikajikuta nacheka peke yangu. Nikawaambia jibu la hesabu haliulizwi wadau, tena hili si la kwetu hata kidogo, ni la chipu, na chipu imeshalitoa. Yule wa ndevu akasema mimi ni mtu wa kitabu sana. Mhasibu akauliza kama tunaweza kukutana katikati, tuseme hasi nusu. Dereva, aliyekuwa ameingia tu kuchukua ufunguo wa gari, aliombwa akae apige kura naye, maana sote tuko kwenye gari moja. Sifuri ikapita. Mkono wangu ndio pekee uliokataa, na kumbukumbu za mkutano zilipotoka zikasema tulikubaliana kwa kauli moja.

Baada ya chai Meneja aliniita ofisini kwake, ambako zamani kulikuwa chumba kikuu cha kulala na bado kulikuwa na kabati la nguo ukutani. Alinikaribisha kiti, akauliza habari za nyumbani, kisha akanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa kuhusu uzoefu wangu na uvumilivu wangu. Alichotaka ni nibadilishe jibu kwenye baineri ile, niandike sifuri mahali pa hasi moja.

Nikamwambia sitaandika. Hakununa wala kufoka.

"Mwalimu," akasema, "mimi sikulazimishi. Lakini hiyo red isipotoka na mkono yako, itatoka na wewe. Contract yako inaisha na quarter, na mimi ndio nasign."

Sitajifanya shujaa. Niliogopa. Ninapanga nyumba karibu na Adams Arcade, na umri wangu ni ule ambao ofisi za Nairobi hukuita mama kwa heshima kubwa huku zikikuonyesha mlango. Unga ukimwagika sasa, singeweza kuuzoa tena. Nilitoka hapo nikaenda jikoni, nikasimama karibu na friji, nikaitazama ile kompyuta kuukuu. Nilikuwa nimekasirika, na hasira yenyewe ilinishangaza, maana ilikuwa juu ya hasi moja.

Wiki ile ile nilikwenda mazishi ya mjomba. Niliporudi, televisheni ilikuwa kijani kote, kona hadi kona. Hata aliyekuwa akisafisha sakafu alikuwa amesimama na mopu akiitazama. Yule wa ndevu hakunitazama usoni. Meneja akanieleza kwa furaha kwamba aligundua baineri zangu zilikuwa za kizamani mno, aibu kwa kampuni ya teknolojia, kwa hivyo wamezipika upya zote kwa kompaila mpya, kutoka kwa maandishi aliyoyaacha yule mhandisi wa kwanza. Kompaila ni ile programu inayogeuza maandishi ya watu kuwa lugha ya mashine. Walipozipika upya tu, ule wekundu ulijiondokea wenyewe. Alisema ni maombi.

Mimi nikashuku, si maombi bali kompaila. Niliifungua ile baineri mpya, nikaisoma tarakimu kwa tarakimu, nikaitafuta ile amri ya kugawa, nisiione. Haikuwepo. Kompaila za siku hizi zina werevu kupita kiasi. Hii iliona mtu anataka kugawa kwa sifuri, ikajiambia kwamba hakuna mtu mwenye akili timamu atakayefanya hivyo, ikaliondoa swali zima na kuacha mwisho wa programu, palipoandikwa kwamba jaribio limepita. Ilikuwa sawa na mtihani ambao umeng'olewa maswali, ukabaki na nafasi ya kuandika alama.

Nikampelekea Meneja karatasi yenye yale niliyoyaona. Nikamwambia jaribio halijapita, jaribio halipo.

"Sasa Mwalimu," akasema kwa upole, "kama halipo, litafeli aje?"

 Hadi leo nadhani ndilo swali zuri zaidi alilowahi kuuliza.

Wageni walikuja. Kulikuwa na sambusa, maua, na chupa za maji zenye nembo yetu. Walipigwa picha mbele ya televisheni, wakiwa wamesimama kwa safu, na kijani chetu kikawamulika usoni hadi wakaonekana wagonjwa. Mmoja wao aliuliza kama tumewahi kuwa na nyekundu. Meneja akajibu kwamba tulikuwa nayo, tukaikabili kama timu. Mimi nilikuwa nyuma, nimeshika trei ya sambusa, na mtu akaniomba chumvi.

Siku chache baadaye nilipewa barua. Ilisema kwamba kwa kuwa majaribio sasa yanapita yote bila msaada, nafasi ya mtunza baineri haitahitajika baada ya robo hiyo ya mwaka kuisha. Nilishukuriwa kwa uadilifu wangu. Tuliahidiwa chakula cha mchana cha kuagana, nyama na kachumbari pale uani, na Meneja akaniuliza ningependa keki ya rangi gani.

Mimi nilirudi jikoni na kuendelea kulinda. Zile baineri za zamani zilikuwa bado pale, kwa maana hakuna aliyeniuliza ziko wapi, na hakuna mwingine aliyejua kwamba kompyuta ile ya karibu na friji ilikuwa na kazi zaidi ya kuwekewa vikombe juu yake. Kila asubuhi niliziendesha. Kila asubuhi mraba mmoja uliwaka nyekundu kwenye kiskrini changu chenye mikwaruzo, na nikafurahi kuuona. Naweza kusema niliupenda. Ulikuwa ndio mraba pekee ndani ya nyumba ile uliokuwa ukisema kweli bila kuogopa mkataba.

Wakati huo chipu zilikuwa zimefika na mita za kwanza zimetengenezwa. Zilihitaji kujaribiwa kwenye nyumba za watu, na Meneja alijitolea mtaa wao wa Loresho kwa moyo mweupe. Alituonyesha picha yake akikata utepe kwenye ukuta wa nyumba yake, na mke wake kando akipiga makofi. Mita zilifanya kazi vizuri. Watu walioga, wakafua, wakamwagilia nyasi. Kila aliyezijaribu alizijaribu kwa kufungua mfereji.

Ikafika Pasaka. Meneja na familia yake wakafunga nyumba, wakaenda kwao Nyeri. Walipaswa kurudi mapema, maana Jumamosi iliyofuata ilikuwa ruracio ya binti yao. Kwa asiyejua, hiyo ndiyo siku ambayo watu wa mvulana huja kwa wazazi wa msichana, kwa heshima na vifijo, na hutazama kila kitu huku wakijitia hawatazami.

Jumamosi hiyo nilikuwa nimeloweka nguo zangu nilipopigiwa simu. Sauti ya Meneja ilikuwa nyembamba. Alisema walirudi jana mchana, na tangu warudi nyumba haina tone la maji. Salio lipo. Jirani wa kushoto anaoga. Jirani wa kulia, aliyekuwa Mombasa kwa likizo, naye amekauka. Watu wa mita wamekuja, wamepiga mita kwa kidole, wamesema programu haina kosa, kwani kwenye simuleta inafanya poa.

"Mwalimu, naomba ukuje," akasema. "Tafadhali. Wageni wanafika saa sita."

Ningeweza kukataa. Nilifikiria kukataa, na wazo lenyewe lilikuwa tamu. Lakini nilitaka kuiona ile mita kwa macho yangu zaidi ya nilivyotaka kumwona akihangaika. Nikaziacha nguo kwenye karai, nikaenda.

Loresho ni kimya sana, kimya cha miti na mageti. Kwa Meneja hema jeupe lilikuwa limesimama juu ya nyasi, viti vimevishwa vitambaa. Nyuma ya nyumba akina mama wa kanisa walikuwa wamekaa mbele ya kilima cha viazi vilivyomenywa bila kuoshwa, masufuria makubwa yakiwa matupu kando yao.  Mke wa Meneja alikuwa amevaa nusu, kilemba kizuri kichwani na kanga ya nyumbani kiunoni, na macho yake yalikuwa mekundu. Aliniamkia kwa mikono miwili. Moyo ukaniuma kwa ajili yake, maana yeye hakupiga kura.

Meneja alinipeleka ukutani, mahali alipokata utepe. Kipande cha utepe kilikuwa bado kimening'inia. Nikainama, nikafuta vumbi kwenye kioo cha mita. Mstari wa kwanza ulionyesha salio, zuri kabisa. Mstari wa pili ulionyesha siku ambazo salio hilo litadumu. Palikuwa pameandikwa hasi moja.

Nilicheka. Nilijaribu kuzuia, nikashika ukuta, nikacheka hadi akina mama wa viazi wakageuza shingo. Meneja alisimama akiningoja kwa subira ya mtu asiye na chaguo lingine.

Nilipopata pumzi nikamweleza, polepole, jinsi nilivyokuwa nikieleza ubaoni. Kila siku mita hii huchukua salio lako, ikaligawa kwa maji uliyotumia jana, ili ijue umebakiza siku ngapi. Mlipokuwa Nyeri hamkutumia maji. Ikagawa kwa sifuri. Watu wa mita, walipojaribu hilo kwenye simuleta yetu, walipata sifuri, wakaandika kwamba sifuri maana yake nyumba imefungwa, iachwe hivyo hivyo. Na chini ya sifuri wakaandika kwamba ni mtu anayevuta maji baada ya salio kwisha, afungiwe. Lakini hii ni chipu halisi. Haikuhudhuria mkutano wetu. Imegawa kwa sifuri ikapata hasi moja, kama ilivyoandikwa kitabuni, ikakuona mwizi, ikakufungia.

"Si nimerudi sasa," akasema. "Si ifungue."

"Haiwezi," nikamwambia. "Jana pia hukutumia maji, kwa sababu ilikuwa imekufungia. Leo hutatumia. Kesho itagawa kwa sifuri tena. Kadiri unavyokaa bila maji ndivyo inavyozidi kuamini wewe ni mwizi."

Aliitazama mita muda mrefu. Nilimwona akikumbuka, kwani uso wake haukuwa mzuri kwa kuficha. Akauliza ni nani mwingine aliyejua. Nikamjibu kwamba ni mimi, na kitabu, na zile baineri alizoziona aibu. Akauliza hizo za zamani zilitupwa wapi.

Nikamwambia ziko jikoni, chini ya vikombe.

Maji yaliletwa na lori. Lilifika pamoja na wageni, likazuia geti, na watu wa mvulana wakalazimika kuimba nyimbo zao za kubisha hodi huku wakilizunguka upande kwa upande, kina mama wao wakishikilia nguo zisiguse matairi. Mpira mrefu ulipitishwa katikati ya ua, ukapita kando ya meza kuu, ukaingia jikoni kama mgeni mwenye haraka. Viazi vikaoshwa. Chakula kikaiva kwa kuchelewa lakini kikaiva. Niliombwa nikae, nikapewa sahani, na kutoka mahali nilipokaa nilimsikia mzee mmoja wa upande wa mvulana akiuliza, kwa adabu zote, kama ni kawaida ya nyumba hii kunywa kutoka kwa lori. Meneja akajibu kwamba kulikuwa na tatizo dogo la kihesabu.

Jumatatu kulikuwa na mkutano. Maombi yalikuwa mafupi. Meneja akasema amefikiria sana, na kwamba anapendekeza tuzirudishe baineri za asili. Alitaka kuuliza wanaokubali wainue mikono, akanitazama, akauacha mkono wake mezani. Nikaenda jikoni, nikaondoa vikombe, nikazirudisha. Mraba mwekundu ukawaka kwenye televisheni kubwa, peke yake katikati ya kijani chote kile. Nilijua macho yangu yamelowa, nikajitia nasafisha miwani.

Yule wa ndevu alisogea kwenye kompyuta yake. Akabadilisha mstari mmoja kwenye simuleta, mstari mmoja tu, akamaliza kabla chai haijapoa. Mraba ukageuka kijani, safari hii kwa haki. Hakuniomba radhi, ila alinimiminia chai yeye mwenyewe, akaiwekea sukari nyingi kama nipendavyo, nami sikujua kumbe alikuwa ameshika hilo kichwani. Mwenye kampuni aliwapigia watu wa mita, wakasahihisha programu yao, wakazunguka Loresho nyumba kwa nyumba kuwafungulia wote waliokuwa wamesafiri. Hakutugombeza. Alisema tu kwamba katika duka la babu yake hakuna aliyewahi kupigia kura upana wa bomba.

Alasiri Meneja akaniita kwenye kile chumba chenye kabati la nguo. Barua yangu ilikuwa mezani, na kando yake mkataba mpya, haujatiwa sahihi. Alinikaribisha kiti, akauliza habari za nyumbani. Nikamwuliza za binti, akasema wamekubaliwa. Kisha akasogeza kiti chake, akatazama nje kuelekea sebuleni, ambako televisheni ilikuwa kijani kona hadi kona, na nikaona swali likimpanda usoni kama ilivyokuwa siku zote.

"Lakini Mwalimu, nikuulize tu, usiskie vibaya," akasema. "Sasa vile kila kitu imekuwa green, na ni green ya ukweli, hapa utakuwa ukifanya nini?"

"Umeoga leo?" nikamwuliza.

Akashangaa kidogo. Akasema ameoga.

"Basi ndiyo hiyo kazi."

 Akavuta mkataba upande wake wa meza, akaanza kutafuta kalamu.